Waja Leo, Waondoka Leo: Mafundi Waliojenga Meno ya Mwanao

Haya ni mazungumzo niliyotoa mimi, daktari wa meno, kwa wazazi na walimu, Tanga mjini, Jumamosi moja asubuhi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nilipojirudia nimefuta, na maswali ya watu nimeyaacha mahali yalipoulizwa.

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, baba zangu na mama zangu, wakubwa shikamooni. Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Nimepewa saa moja, na nimeshawaona waliokaa karibu na mlango kwa kuwa wana samaki wa kuwahi soko la Deep Sea, basi sitazunguka.

Ndani ya kiberiti hiki mna jino. Ni la mwanangu wa pili, sasa kijana wa chuo, na ruhusa ya kulitembeza ameitoa kwa simu huku akicheka. Lilipong'oka lilikuwa litupwe juu ya paa kama ada, mimi nikaliiba. Lipitisheni mkono kwa mkono. Mkilielekeza dirishani mtaona sehemu ya juu ina mng'ao kama wa kauri, na mwanga unapenya kidogo kwenye ncha. Hapo palipovunjika chini ni manjano, pamefifia. Lile gamba lenye mng'ao ndilo lililonileta leo. Linaitwa enameli, na katika mwili wa binadamu hakuna kitu kigumu kulishinda. Mfupa haufiki.

Naomba mnijibu: jino hili lilitengenezwa lini?

(Mama mmoja, safu ya pili: "Miezi saba, lilipoota.")

Asante mama. Ndivyo nilivyodhani na mimi mpaka nilipoingia chuo. Lakini kuota ni kuchungulia tu. Jino hili la mbele lilianza kupata madini yake mimba ikiwa na miezi mitatu na kitu, wakati huo mimi nikikimbia harufu ya kitunguu jikoni. Mtoto alipofikisha mwezi mmoja na nusu tangu kuzaliwa, enameli ilikuwa imekwisha. Ile miezi iliyofuata, ambayo nilikuwa nampapasa ufizi kila siku, jino lilikuwa linaota mzizi na kutafuta njia ya kutokea.

Meno ya ukubwani nayo ni vivyo hivyo. Liko gego linalotoka mtoto akiwa na miaka sita, nyuma kabisa, bila kuling'oa jino lolote. Wazazi wengi hudhani ni la utoto, "litang'oka tu", wakaliacha lioze. Gego hilo huanza kupata madini karibu na siku yenyewe ya kuzaliwa, na kichwa chake hukamilika mtoto akikaribia miaka mitatu. Meno ya mbele ya ukubwani huanza kwenye mwezi wa tatu au wa nne tangu kuzaliwa, yakamalizika enameli kwenye miaka minne hadi mitano. Kwa hiyo mwalimu, mtoto wa darasa la kwanza anapokuchekea na pengo lake, meno yajayo yamo tayari ndani ya taya. Homa aliyoumwa, maji aliyokunywa na dawa alizopewa vimekwisha kuandikwa humo, wala hakuna anayeweza kuvisoma mpaka meno yatoke.

Sasa nani anayejenga?

Kwenye wiki ya sita ya mimba, ndani ya kinywa kisichozidi punje ya mtama, ngozi ya ufizi hufanya tuta. Kutoka kwenye tuta hilo vichipukizi huzama chini, kimoja kwa kila jino la utoto, ishirini kwa jumla. Kila kichipukizi kinakua, kinabonyea kwa chini kama kofia, halafu kinashuka pande zote mpaka kinafanana na kengele. Humo ndani ya kengele hupangana safu mbili za seli zinazotazamana. Safu ya ndani hujenga dentini, hiyo manjano mliyoiona. Safu ya nje hujenga enameli, na seli zake zinaitwa ameloblasti. Jina ni la kigeni, mtanisamehe. Mimi nitaziita mafundi.

Wa ndani huanza kwanza. Wakishatandaza tabaka jembamba la dentini, hiyo ndiyo ishara kwa wa nje, nao wanaanza. Na kila kundi linarudi kinyumenyume likiacha kazi mbele yake. Mmeshamwona mtu anayesakafia chumba kwa saruji? Anaanzia ukuta wa ndani kabisa, anapiga mwiko, anarudi nyuma, mpaka anajikuta amechuchumaa mlangoni. Ndivyo wanavyofanya. Tofauti ni upande wa mlango. Mafundi wa dentini hurudi ndani, kwenye moyo wa jino palipo na damu na neva, nao hukaa humo maisha yote. Ndiyo maana jino linaweza kujiongezea dentini hata kwa mzee wa miaka sabini. Mafundi wa enameli hurudi nje. Wakimaliza hujibana wakawa utando mwembamba juu ya jino, na siku jino linapotoboa ufizi utando ule unasagika na kupotea.

Watu wa Tanga tuna lile neno letu kwa wageni, waja leo waondoka leo. Wale ndio wageni hasa. Hawarudi kuziba ufa, na mwili hauna wengine wa kuwaleta.

Kuhusu mwendo wao. Fundi mmoja kwa siku hutandaza enameli kiasi cha mikroni nne. Mikroni ni milimita moja uliyoigawa mara elfu. Unywele wa kichwani una unene wa mikroni sabini hivi, kwa hiyo unene wa unywele mmoja tu ni kazi ya wiki mbili na zaidi. Kwenye ncha za gego enameli inafika milimita mbili na nusu. Gawanyeni wenyewe: ni zaidi ya siku mia sita. Na kila siku inaacha alama yake. Ukilikata jino jembamba kama karatasi ukaliweka chini ya hadubini, unaona vistari vya kila siku, kisha kila baada ya siku saba, nane au tisa, kutegemea mtu, unakuja mstari ulioiva zaidi. Walioyachunguza mafuvu ya watoto wa zama za kale huhesabu mistari hiyo kama sisi tunavyohesabu kalenda, wakajua mtoto alikufa na umri gani.

Halafu kuna mstari mmoja ambao kila nikiuona huwa nanyamaza kidogo. Unakaa kwenye meno ya utoto na kwenye lile gego la miaka sita. Ni mstari wa siku ya kuzaliwa. Mtoto alikuwa kwenye joto la mama, analishwa kwa kitovu, ghafla anajikuta hewani, anapumua, ananyonya. Mafundi wanatikisika. Wanajikusanya na kuendelea, lakini mtikisiko ule unabaki kwenye jino. Jino lililomo kwenye kiberiti hicho linao.

(Kiberiti kilikuwa kimefika kwa mzee mmoja mwenye kofia ya kiua. Alikifunga polepole kabla ya kumpa jirani yake.)

Nikwambieni pia kwamba hawatandazi kama plasta. Kila fundi anaacha nyuma yake kijiti kirefu chembamba, na vijiti hivyo havisimami vimenyooka sambamba. Kundi hili linalalia huku, kundi lile linapita kule. Bibi zangu mliosuka ukili mnajua kwa nini: ukipanga miyaa yote upande mmoja, mkeka unachanika siku ya kwanza. Ikipishana, mpasuko ukianza unakwama. Gego linatafuna karanga na mifupa ya kuku miaka hamsini, na siri yake kubwa ni hiyo ya kupishana.

Sasa naja kwenye jambo ambalo watu wengi hawajaambiwa, na ndilo hasa nililotaka kulisema. Enameli ikitandazwa haiwi ngumu. Hapo mwanzo madini yake ni kama theluthi moja tu, kilichobaki ni maji na protini, na protini kubwa kuliko zote inaitwa amelojenini. Ukiigusa ni laini. Mfikirie nyama ya dafu, ile inayokwanguka kwa kijiko. Umbo la jino limekwisha kuonekana, unene umekwisha kufika, lakini ni dafu.

Baba yangu alifanya kazi kwenye majaruba ya chumvi, hapa hapa pwani ya mkoa wetu, na mimi nilimpelekea chakula tangu nina miaka saba. Kwa hiyo chuoni mwalimu alipofika sehemu hii wenzangu walihangaika kukariri, mimi nikaona majaruba. Unaingiza maji ya bahari. Unayafungia. Jua linakunywa maji, chumvi inaanza kujikusanya, kwanza kama ukungu chini, halafu punje, punje zinanenepa mpaka zinagusana. Ukiyaruhusu maji ya mvua yaingie katikati ya kazi, umepata tope la chumvi.

Mafundi wetu nao, wakishamaliza kutandaza, wanabadilika. Wanafupika, na wengi wao hufa katika kipindi hiki. Waliobaki wanageuka kuwa wavunaji wa chumvi. Wanamwaga vimeng'enya vinavyoikatakata ile protini, wanafyonza vipande vyake pamoja na maji, na papo hapo wanasukuma kalsiamu na fosfeti ziingie. Fuwele zilizokuwa nyembamba kama nyuzi zinanenepa mpaka zinabanana. Kila fuwele inapokua inatoa tindikali kidogo, na tindikali hiyo ikiachwa ingeyeyusha kilichojengwa. Basi wanamwaga na bikaboneti ya kuituliza, jamaa ya ile unayotia kwenye keki. Kazi hii huchukua muda mrefu kuliko kutandaza. Kwa meno ya ukubwani ni miaka. Mwishoni, katika kila gramu mia moja za enameli, gramu tisini na sita ni madini. Dafu limekuwa jiwe.

Ukizishika hatua hizi mbili, kutandaza na kukausha, utalisoma jino la mtoto wako mwenyewe. Kama shida ilitokea wakati wa kutandaza, enameli inatoka pungufu: kuna vishimo, au mfereji umekatiza jino, au imekuwa nyembamba. Kama shida ilitokea wakati wa kukausha, unene uko sawa lakini jino lina baka jeupe kama chaki au la manjano, linamegeka, na mtoto analia akinywa maji baridi. Mtoto wa namna hiyo husingiziwa kuwa hapigi mswaki. Anapiga, ila kwa maumivu, kwa hiyo anapiga vibaya.

Alikuja bibi mmoja kutoka upande wa Pongwe na mjukuu wake wa miaka minane. Meno mawili ya juu ya mbele yalikuwa na mfereji uliokatiza, rangi ya kahawia, urefu uleule kwa yote mawili, milimita tatu hivi kutoka kwenye ncha. Bibi alikuwa ameshamchapa kwa ajili ya mswaki. Nikamwangalia yule mtoto magego ya miaka sita: mfereji uko, lakini chini zaidi, kuelekea ufizi. Meno ya pembeni ya yale mawili ndiyo kwanza yanatoka. Mfereji uko pale pale kwenye ncha. Inaonekana kama fujo, sivyo? Lakini gego lilikuwa limeanza kujengwa mapema, ndiyo maana mfereji umeshuka. La pembeni lilichelewa kuanza, ndiyo maana mfereji uko nchani. Ni siku zilezile, zimeandikwa kwenye madaftari matatu yaliyofunguliwa kwa nyakati tofauti.

Nikamwuliza, "Bibi, huyu alipokuwa na mwaka na nusu hivi, alipatwa na nini?"

Bibi akanitazama. "Nani kakwambia, mwanangu?"

"Hakuna aliyeniambia."

Akakaa chini. Surua. Wiki tatu, sehemu kubwa wodini, na mama yake yule mtoto akiwa mbali. Homa haishuki, hali kitu, mpaka bibi akawa amekata tamaa. "Nilishasahau," akasema. "Kapona, nikasahau." Halafu akamgeukia mtoto akamfuta uso kwa upindo wa khanga, uso ambao haukuwa na kitu cha kufuta.

Nikamwambia jambo moja zaidi, nitakuja kulisimulia mwisho.

Nisijifanye hodari sana. Mwanzoni mwa kazi yangu alikuja dada mmoja aliyehamia huku kutoka maeneo yanayozunguka Mlima Meru, meno yake yote yana mabaka ya kahawia, mengine yameliwa vishimo. Mimi nikamsomea risala ya usafi wa kinywa, kwa sauti, mbele ya watu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Dada, kwetu tuko hivi sote. Hata mwalimu mkuu." Nilitamani sakafu inimeze.

Yale ni maji. Bonde la Ufa limejaa miamba ya volkano, na maji yanayopita humo hubeba floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Huko viko visima na vijito vinavyopita kikomo hicho mara nyingi. Floraidi kidogo ni rafiki wa jino. Ikizidi wakati wa kukausha, ile protini haiondoki vizuri, vitundu vinabaki katikati ya fuwele, jino linatoka kama chaki, na baada ya kutoka linachukua rangi. Ikizidi zaidi kwa miaka mingi, hata mifupa hupinda. Huku kwetu tunakunywa mto Sigi, uliokusanywa Mabayani, na maji hayo yanatoka Usambara Mashariki kwenye miamba ya kale isiyo ya volkano. Lakini magadi ya kulainishia maharage na makande huchotwa kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, na baadhi yana floraidi nyingi. Mpishi anayeyatia kila siku kwenye chakula cha mtoto mdogo ajue hilo.

Kitu kimoja hunifurahisha katika habari hii. Kule Ngurdoto, Arusha, wataalamu walitengeneza njia ya kuyasafisha maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kwa nini mifupa? Kwa sababu madini ya mfupa ni jamaa moja na madini ya jino, haidroksiapataiti, na madini haya huikamata floraidi popote yanapoiona. Unaipa floraidi mfupa wa ng'ombe ishike huo, iliache jino la mtoto.

(Mzee mwenye kofia: "Daktari, na papa je? Mimi nimevua jarife miaka thelathini. Papa haozi meno.")

Mzee wangu, umenigusa penyewe. Gamba la jino la papa limejaa floraidi tangu asili, na madini ya namna hiyo hayayeyuki upesi kwa tindikali. Tena papa hana wasiwasi, jino likidondoka liko jingine nyuma yake kwenye foleni, maisha yake yote. Panya naye mafundi wake hawaondoki. Jino lake la mbele linakua mpaka anakufa, na enameli iko upande wa mbele tu, ndiyo maana linajinoa lenyewe na magunia yenu hayaponi. Kuku ameamua kuacha kabisa biashara ya meno. Na yule silikanti mnaowanasa kwenye jarife, yule samaki ambaye wazungu walidhani ametoweka tangu enzi za dainosaria, yeye ana enameli ya kweli kama ya kwetu. Sisi na yeye tumegawana urithi mmoja wa zamani sana. Papa ana namna yake nyingine, inafanana kwa nje tu. Ningeweza kukaa hapa mpaka adhuhuri, lakini mwenyekiti ananitazama.

Kuna jambo nitalisema bila tabasamu. Meno ya plastiki.

Mtoto ana miezi minne, mitano. Anaharisha, ana homa, anakataa ziwa. Mtu anampapasa ufizi, anakuta umevimba mahali pa chonge, anasema ni meno ya plastiki, ndiyo yanayomwua. Anaupasua ufizi kwa kisu, au kwa njiti ya baiskeli iliyochongwa, anachokonoa, anatoa kitu cheupe laini. Anamwonyesha mama: unaona? Plastiki.

Mama anaamini, na ningekuwa mimi sijasoma ningeamini, maana ameonyeshwa kwa macho. Kile kitu ni laini kweli. Sasa rudini kwenye dafu. Enameli ya chonge la utoto humalizika mtoto akiwa na miezi tisa hivi. Kwenye mwezi wa tano liko katikati ya majaruba, maji hayajakauka. Ni jino la haki kabisa la mtoto wako, limechimbuliwa kabla halijaiva. Na pale pale pembeni, katika miezi hiyo hiyo, chonge la ukubwani ndilo linaanza kutandazwa. Njiti inapochokonoa inawapitia na mafundi wale. Wengine wanakuja kwangu na miaka kumi na miwili, chonge limetoka limepinda, lina shimo, au halikutoka. Hao ndio waliopona. Wengine walikwenda na damu na vidonda vilivyooza. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya ORS, zinki, ziwa la mama na zahanati. Ufizi wake hauna kosa.

Wazee mnakumbuka zamani mtoto aliyetanguliza meno ya juu aliitwa kigego, na mnakumbuka alivyotendwa. Lile tulilitupa. Hili nalo tulitupe.

Tetrasaiklini, ile dawa ya kuua bakteria, nitaigusa tu. Inashikamana na kalsiamu na kuingia nayo kwenye jino linalojengwa, ikaacha mistari ya kijivu na kahawia isiyosuguliwa ikatoka. Mama mwenye mimba na mtoto chini ya miaka minane wasinunuliwe dawa hiyo kwa kuulizia dirishani.

(Mama mmoja, aliyekuwa na mtoto mgongoni: "Eti kila mimba inaondoka na jino la mama, kwa kuwa mtoto anachukua kalsiamu?")

Hapana, mama. Kalsiamu mtoto anaichukua kwenye damu yako, na damu ikipungukiwa inakopa kwenye mifupa. Kwenye enameli haiwezi kukopa, maana hakuna mshipa unaofika humo na hakuna fundi wa kubomoa. Mimba inaharibu meno kwa njia nyingine: kutapika kunaleta tindikali, ufizi unavimba, na ule utamu wa kila saa. Wewe kula dagaa na vichwa vyao, maziwa ukiyapata, mboga za majani, na utoke juani. Hayo yanamjengea yeye na yanakulinda wewe.

(Baba mmoja, karibu na mlango: "Kwa hiyo hamna dawa ya kuirudisha?")

Jino la pembe si dawa ya pengo, baba. Tunaziba, tunafunika, tunapaka, lakini enameli yenyewe hakuna anayeiotesha upya mdomoni mwa mtu. Kilichopo ni kuitunza, na hapo Mungu hakutuacha mikono mitupu. Mate yana kalsiamu na fosfeti. Ukila kitu kitamu, vijidudu vya kwenye ukoga wa meno vinatoa tindikali, madini ya juu yanaanza kuyeyuka. Ukitulia, mate yanarudisha kidogo kidogo. Ugomvi huo unatokea kila siku, na jino jipya lililotoka juzi ndilo dhaifu zaidi. Anayekula ubuyu wa rangi tangu mapumziko ya asubuhi mpaka kengele ya mwisho hayapi mate nafasi. Ale, amalize, anywe maji. Dawa ya meno iwe na floraidi: kwa mtoto chini ya miaka mitatu ipake kama punje ya mchele, kuanzia hapo mpaka sita kama punje ya njegere moja, atemee nje, na mtu mzima asimame karibu. Lile gego la miaka sita tunaweza kuliziba mifereji yake mapema, kabla halijatoboka. Njooni kabla ya maumivu, maana wengi mnanijia siku ya kung'oa.

Nilisema kuna jambo nilimwambia yule bibi wa Pongwe. Siku ile nilichora meno ya mjukuu wake kwenye karatasi, nikachora na chonge mbili za juu ambazo bado hazijatoka, zikiwa ndani ya taya. Nikaweka mstari kwenye kila chonge, karibu na ncha. Nikamwambia, "Haya yatatoka akiwa na miaka kumi na moja au kumi na mbili, na alama itakuwa hapa. Usije ukamchapa tena." Akaikunja karatasi akaifunga kwenye pindo la khanga, kule anakofunga pesa.

Alirudi baada ya miaka minne. Mimi nilikuwa nimeshasahau, siwadanganyi. Mtoto amenipita urefu. Bibi akaingia hata salamu hajamaliza, akafungua pindo, akatoa karatasi iliyochakaa mpaka mikunjo imetoboka, akaitandaza mezani kwangu. Akamwambia mjukuu, "Fungua mdomo." Akachukua mwenyewe kioo changu kidogo, akainua mdomo wa juu kwa kidole gumba, akaweka kidole kingine kwenye karatasi, na akaanza kulinganisha.